Neno la Kigiriki Lililokuwa Kinywani mwa Mama

Siku moja imenikaa kichwani tangu miaka ile ya tisini, mwanangu, na naona nitaandamana nayo hadi kaburini: siku niliyoanza kumuua baba yangu kwa maneno makubwa. Sikumpiga wala sikumtilia sumu. Nilimtafsiria tu kwa daktari. Vuta kiti. Wewe sasa una karatasi zako za shule, na ukirudi nyumbani utaitwa kama nilivyoitwa mimi, uwasemee wazee wako mbele ya watu wa ofisi. Kabla hujafungua kinywa, nisikilize.

Kwanza nikujulishe nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa kijana wa Nyacheki, mchuma chai asubuhi na mwanafunzi jioni. Shule ya mchana ilikuwa imenitupa njiani nilipomaliza darasa la nane, nikaamua kuifukuza kwa miguu hadi niikamate. Tulisomea katika shule ya msingi watoto wakishatoka, kwenye madawati yao, magoti yakigonga kidevu. Kijijini walituita ngumbaru, na watoto walitufuata njiani wakituimbia a-e-i-o-u. Mimi sikujali. Nilikuwa nimekutana na bayolojia.

Mwanangu, mimi ni Msabato, pombe sijaionja, lakini nadhani nilivyojisikia ndivyo mlevi anavyojisikia. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni neno refu kama barabara ya kwenda Kisii, lenye kona zake na madaraja yake, nami moyo unaruka. Hemoglobini. Fotosinthesisi. Anemia. Nilinunua daftari la maneno hayo peke yake, nikawa nalibeba hata shambani, chini ya majani ya chai ndani ya kikapu. Majani yalikwenda kiwandani Itumbe, mimi nikabaki na maneno. Jirani alipouliza kwa nini kuku wake amezubaa, nilimwambia ana upungufu wa fotosinthesisi. Akamchinja siku hiyohiyo kabla hajaambukiza wengine. Nami nilialikwa kwenye mchuzi.

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga. Mimi nilikuwa debe tupu lenye kokoto mbili ndani, na hilo huvuma zaidi.

Basi mwaka huo Tata akaanza kukonda. Tata ndivyo tunavyomwita baba kwetu. Alikuwa mtu wa mwili, mkono wake ukishika jembe huoni mpini. Sasa shati likaanza kumning'inia. Akawa anakunywa maji mtungi mzima, kisha anaomba mwingine. Alikuwa hamalizi mstari mmoja wa chai bila kutoka kwenda migombani kujisaidia. Tuliona sote. Hakuna aliyesema.

Na hapa nikueleze jambo ambalo vijana wa leo mnalisikia kwa mbali. Sisi Abagusii tuna chinsoni, yaani sheria za haya kati ya mzazi na mtoto. Kwa babu na bibi unaweza kutania utakavyo, hata wakakushinda kwa matusi. Lakini mbele ya baba yako na mama yako, mambo ya mwili hayatajwi. Mtoto haingii chumba cha baba. Hasemi neno "mkojo" mahali baba yupo, hata kama anamsema ng'ombe. Ni sheria nzuri, imewatunzia wazee heshima zao kwa vizazi na vizazi. Ila hakuna kizuri kisicho na mwiba wake.

Mama akasema twende zahanati. Tukaenda watatu, Tata katikati yetu akipumzika kila baada ya hatua chache. Zahanati ilikuwa na daktari kijana, mtu wa mbali, mpole, asiyejua hata kusalimia kwa Ekegusii. Mama naye hakujua Kiswahili cha kumtosha, na Tata alikuwa amechoka kusema lugha yoyote. Kwa hiyo ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, na kalamu nimeichomeka mfukoni.

"Mzee anasikiaje?" daktari akauliza.

Mama akanigeukia. Akasema polepole, kama mtu anayehesabu vifaranga asije akasahau mmoja.

"Mwambie hivi, Onsongo. Anakunywa maji na hayamtoshi. Maji yenyewe hayakai ndani yake, yanampita tu, kama mvua inavyopita kwenye gata, ule mfereji wa bati wa paa la nyumba. Mwili nao unayeyuka, unaondoka na hayo maji. Na pale migombani anaposimama asubuhi, sisimizi wanajaa kana kwamba mtu kamwaga asali. Mwambie yote, usiruke."

Sasa niangalie mimi hapo katikati. Tata yuko kulia kwangu, Mama kushoto, na mambo ninayotakiwa kusema ni ya mkojo wa baba yangu. Haya zikanishika. Lakini nikikwambia ni haya peke yake nitakuwa nakudanganya, na umri huu wa kudanganya umenipita. Niliona aibu pia kwa maneno yenyewe. Gata, sisimizi, asali. Mtu mwenye daftari kama langu aende kumwambia daktari habari za sisimizi?

Nikakohoa kidogo. Nikasema, "Daktari, mzee ana anemia. Pamoja na malaria sugu."

Daktari akainua macho. "Mama amesema maneno mengi kuliko hayo."

"Akina mama, daktari. Wanarudiarudia."

Mwanangu, sentensi hiyo ningeweza kuila na sahani yake ili isitoke. Daktari alinitazama, akaitazama kalamu yangu, akaniamini. Nani asingeniamini? Hakuwa na vipimo pale, alikuwa na masikio tu, nami ndiye niliyekuwa nimeyajaza. Akatoa vidonge vya malaria na dawa ya kuongeza damu, akasema asipopata nafuu kwa siku chache apelekwe Kisii.

Tulipotoka nje Mama akaniuliza, "Umemwambia habari ya sisimizi?"

"Nimemwambia yote, Mama. Kwa lugha yao ni neno moja tu."

Akatikisa kichwa kwa mshangao. "Lugha ya ajabu hiyo," akasema. "Mambo yote yale, neno moja."

Alijivunia mimi hadi nyumbani. Njia nzima.

Habari zikatembea kwamba mzee amepungukiwa damu na nguvu. Na unajua watu wetu wanavyompenda mgonjwa: hawaji mikono mitupu. Sabato mchana, ibada ilipoisha, kanisa lote likahamia kwetu. Kila mtu na soda yake, mkate wake, pakiti yake ya sukari. Shangazi yetu, dada yake Tata aliyeolewa kule Nyaramba, alikuja na kreti nzima kichwani. Nyumba yetu ilikuwa na soda nyingi kuliko kiwanda kinachozitengeneza. Na Tata alizinywa, kwa kuwa kiu ilikuwa haimpi nafasi. Alizinywa kama shamba kavu linavyokunywa mvua ya kwanza, huku wageni wakipiga makofi kwamba mgonjwa ana hamu. Mimi msomi nikaongeza glukosi. Nilikuwa nimeisoma kwenye daftari, kwamba glukosi ndiyo nguvu ya mwili. Nikawa namkorogea vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni, kwa mkono wangu huu.

Siku ya tano Tata aliniita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Nilipoinama kumwinua, pumzi yake ilinuka ndizi mbivu zilizopitiliza. Mama alisimama mlangoni akatutazama.

"Lile neno moja," akasema, "mbona halimsaidii?"

Glukosi ilikuwa imekwisha, na mimi bado nikiamini kwamba tatizo ni kwamba haikutosha. Tukamwacha Tata na shangazi, mimi na Mama tukashuka Kisii mjini kutafuta nyingine.

Katika mji wa Kisii wakati huo palikuwa na duka dogo la dawa la Mhindi mmoja mzee, Jayanti. Mzee huyo alizaliwa papo hapo Kisii, na Ekegusii alikijua kuliko vijana wengi waliokuwa wakipita barabarani na miwani ya jua. Wateja walimwita Omogaka Jayanti, yaani mzee Jayanti, kama wanavyomwita mzee yeyote wa nyumbani. Alikuwa mwembamba kama mwanzi, na nyuma ya kaunta alikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada alichoachiwa na baba yake, naye alikuwa muuza dawa vilevile.

Nilikuwa nimeshaandaa Kiingereza changu. Lakini Mzee Jayanti hakunitazama mimi, alimtazama Mama. Akamsalimia kwa Ekegusii, akauliza habari za mvua, habari za chai, halafu akauliza glukosi ni ya nani. Na Mama, kwa vile hakuhitaji mtu wa kumsemea, akamwambia yote: kiu, maji yanayopita kama gata, mwili unaoyeyuka, sisimizi, na sasa pumzi ya ndizi mbivu.

Mkono wa mzee ulikuwa tayari umeushika mkebe wa glukosi. Akaurudisha juu ya rafu, akausukuma mpaka ukutani.

"Mama, hii nikikuuzia nitakuwa nimekuuzia sanda," akasema. Akamwita dereva wake kutoka stoo. "Nenda ukatie mafuta pikapu. Unakwenda Nyacheki na hawa kumchukua mgonjwa, unamfikisha hospitali leo hii. Usisimame popote." Kisha ndipo akanigeukia. "Mzee alishaonekana na daktari?"

"Ndiyo," Mama akajibu kabla yangu. "Mwanangu alimwambia kila kitu. Kwa neno moja."

"Neno gani?"

Nikataka kaunta ifunguke nizame. "Anemia," nikasema.

Mzee Jayanti hakucheka. Ningefurahi kama angecheka. "Unajua maana yake?"

"Ni upungufu wa damu."

"Ni 'bila damu'. Wagiriki walisema hivyo tu, bila damu. Ni neno zuri, lakini ulikuwa umemvisha mtu asiye wake." Akakifungua kile kitabu kisicho na jalada, akalamba kidole, akafunua kurasa. "Ugonjwa wa baba yako, vitabuni jina lake ni diabetesi. Umepata kulisikia?"

"Ninalo," nikasema, na hata katika hali ile, mwanangu, majivuno yalichungulia. "Liko katika daftari langu, ukurasa wa D."

"Basi nyumba yenu ilikuwa na kila kitu," mzee akasema. "Wewe ulilijua jina, mama yako akaujua ugonjwa. Hamkukutana tu."

Dereva alikuwa hajarudi. Yule mzee akatumia dakika zile chache kunifunza kuliko nilivyofunzwa miaka mitatu na karabai ikiwaka. Aliniambia jina hilo ni la Kigiriki, la kale sana. Kipande cha mbele, "dia", maana yake ni kupita ndani ya kitu hadi upande wa pili. Kipande cha nyuma kinatokana na neno lao la kwenda. Ukiviunganisha unapata kitu kinachopitisha. Wagiriki walilitumia hata kwa mrija wa kuvutia maji kutoka chombo hiki hadi kile, kama ule mpira tunaotumia kwenye pipa. Madaktari wao walikuwa wamemwona mtu anayekunywa asikate kiu, maji yanaingia na kutoka bila kutua, na nyama za mwili wake kana kwamba zinayeyuka na kuondoka nayo. Hawakuwa na darubini wala maabara. Walitazama, wakasema walichokiona kwa lugha ya nyumbani kwao. Mtu huyu maji yanampita. Hilo likawa jina, na jina hilo ndilo linaloandikwa mpaka leo katika hospitali zote za dunia.

"Na wazee wa kwetu India," akaongeza, "wao walikuwa wamewatazama wale sisimizi. Wakauita mkojo wa asali."

Kisha akanitazama moja kwa moja. Macho yake hayakuwa na ukali, na hilo liliniumiza zaidi.

"Sikiliza, kijana. Unafikiri maneno haya yalianguka kutoka mbinguni? Wagiriki walikuwa watu wa mbuzi na mizeituni. Walitazama kwa makini, basi. Mama yako ametazama maji, ametazama mwili, ametazama hata wadudu. Alipofungua kinywa pale zahanati alikuwa anasema Kigiriki kitupu, nawe ukamwambia daktari anarudiarudia."

Sijui alijuaje. Nilikuwa sijalisema hilo. Labda uso wangu ulisema.

"Bayolojia yako nayo," akamalizia, "ni neno la uhai na neno la maneno. Maneno juu ya uhai. Wewe umebeba maneno, uhai umeuacha migombani."

Pikapu ikapiga honi. Nilikuwa nimegeuka kuondoka akanishika mkono wa shati.

"Hospitalini utatafsiri tena," akasema. "Hili neno nililokufundisha usiliseme. Ukisema jina, daktari atalipima jina lako. Sema alichosema mama yako, kimoja kimoja, naye atampima mzee."

Nisikuchoshe na safari. Tata tulimlaza nyuma ya pikapu juu ya majani ya migomba, shangazi kamshika kichwa, na dereva yule aliendesha hata kuku wa Nyacheki mpaka leo wanasimuliana. Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke aliyezungumza Kiswahili cha pwani, laini kama mafuta. Akauliza swali lilelile.

"Mzee anasikiaje?"

Mama akanitazama. Safari hii hakunitazama kwa fahari. Alinitazama kama mtu anayekabidhi yai kwa mara ya pili kwa mtu aliyevunja la kwanza. Akayasema tena yote, polepole.

Nami nilikuwa nimesimama palepale pa zamani, Tata upande huu, Mama upande ule, chinsoni katikati kama ukuta. Mwanangu, nilitafuta neno kubwa la kujificha nyuma yake, na nilikuwa nalo, jipya, la kweli, lingetosha kabisa. Kisha nikaona kifua cha Tata kikipanda na kushuka. Nikafanya jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Nikageuka, nikawapa wazazi wangu mgongo, nikaelekeza uso ukutani. Mwana asiyeona haya hana adabu, na mwana anayemwacha baba afe kwa haya naye hana. Nikaona ukuta ule utaibeba heshima yetu sote kwa dakika mbili.

"Daktari," nikauambia ukuta, "mama anasema anakunywa maji na hayamtoshi. Anasema hayakai ndani yake, yanampita kama mvua kwenye gata. Anasema mwili unayeyuka." Nikausogelea ukuta zaidi. "Anakojoa usiku kucha na mchana kutwa."

Nyuma yangu nikasikia sauti kavu ya mtu niliyedhani hasikii tena.

"Mwambie na sisimizi," Tata akasema.

Nikamwambia na sisimizi. Sauti ilinikatika katikati ya neno, lakini nikamwambia.

Daktari hakungoja nigeuke. Alikuwa ameshaita muuguzi alete kipimo. Sukari ya Tata ilikuwa imepanda mahali ambapo, daktari alisema, ungekuwa usiku mmoja zaidi tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Wakamtia maji kwenye mshipa, wakamchoma sindano, wakakaa naye. Mimi nilikaa kwenye benchi la ukumbini na daftari langu mapajani. Sikulifungua.

Siku ya tatu Tata alikaa kitandani akaomba uji. Nilikwenda kumwambia mwenyewe, kabla Mama hajamwambia, kwamba mimi ndiye niliyeruka maneno yake pale zahanati. Nilimwambia kwamba sehemu moja ilikuwa haya, na sehemu mbili zilikuwa majivuno. Akanisikiliza huku anautazama ule uji usio na sukari kwa huzuni kubwa.

"Soda zile," akasema mwishowe, "zilikuwa tamu. Kwa hizo nakusamehe kwanza. Kwa mama yako ukaombe mwenyewe."

Nikaenda nje kwa Mama. Alikuwa anaanika leso kwenye ua wa hospitali. Nikamweleza jina la ugonjwa, nikamweleza habari za Wagiriki, mrija wao na maji yanayopita. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Si ndilo nililosema?" akauliza.

"Ndilo, Mama."

"Na hao watu wenyewe wako wapi?"

"Walikufa zamani sana."

"Pole yao," akasema, akakunjua leso nyingine. "Wangenisaidia kukueleza." Halafu, bila kunitazama, akanipa ncha moja ya leso niishike tukamue pamoja. Hapo nikajua nimesamehewa, maana Mama hakuwa mtu wa kumpa adui nguo yake amkamulie.

Tata akaishi, mwanangu. Sindano zilikuja kuachwa, akabaki na vidonge na masharti. Aliwaona wajukuu, akawapeleka mwenyewe shambani kuwafundisha kuchuma majani mawili na chipukizi. Chai alikuwa akiinywa bila sukari, akiwacheka wageni wanaoomba kijiko cha pili. "Mimi nalima chai, nakunywa chai," alikuwa akisema. "Nyinyi mnakunywa miwa." Mama naye kijijini walimbandika jina la Mgiriki, naye akaliitikia. Mtu akiugua, walikuwa wanamwita kwanza aje atazame, na akishatazama ndipo wananiita mimi nikamsemee hospitalini. Tulikuwa timu. Yeye macho, mimi kinywa. Nilirudi darasani jioni, nikafaulu mtihani wangu wa bayolojia kwa alama ambazo hazijapata kuonekana katika mkoa mzima wa Nyanza, au tuseme zilionekana kidogo. Lile daftari la maneno nililiendeleza. Ila kila neno nililigawa mistari miwili: mstari wa juu jina, mstari wa chini kile alichokiona mtu wa kwanza aliyelitaja. Mstari wa chini ndio uliokuwa unanichukua muda.

Sasa nikwambie nilichokuitia. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo unalijua tangu utoto. Lakini maradhi yanaweza kufichwa hata ndani ya neno zuri, tena hapo ndipo hakuna anayeyatafuta. Jifunze maneno makubwa, mwanangu, jifunze yote. Usiyaogope, si ya wageni. Kila moja lilianza kwa mtu aliyechuchumaa akatazama kitu kwa makini kisha akasema ukweli kwa lugha ya jikoni kwake. Elimu ni kuchuchumaa hapo alipochuchumaa yeye. Ukiitwa uwasemee wazee wako, usiwapunguze. Bibi akikwambia habari ya gata, sema gata. Akikwambia sisimizi, sema sisimizi. Mwenye kazi ya kutafuta jina atalitafuta. Na haya za wazazi wako zitunze, ni mali yako, lakini siku uhai wa mtu uko upande wa pili wa haya, tafuta ukuta, geuza uso, useme.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mwenyezi Mungu akupe macho ya mama yangu na subira ya yule mzee wa dukani. Akujalie mtu wa kukushika mkono wa shati kabla hujakosea mara ya pili. Neno la kweli likukae ndani kama maji katika mtungi mzima, na majivuno yakupite, mwanangu, yakupite kama mvua kwenye gata.